Fainali ya dunia bila kisimbuzi

Saa sita kamili mchana, Desemba 12, 2024. Huku kwetu Afrika Mashariki watu walikuwa wanafikiria chakula. Singapore ilikuwa tayari saa kumi na moja jioni, na katika chumba cha vioo kisichopitisha sauti, kwenye kisiwa cha Sentosa, Ding Liren wa China na Gukesh Dommaraju wa India walikuwa wanaanza mchezo wa 14, ambao ndio wa mwisho katika pambano la ubingwa wa dunia wa sataranji. Kila mmoja alikuwa na pointi sita na nusu.

Kufikia alasiri mchezo ulikuwa umepoa. Ding, mwenye kete nyeupe, alibaki na ngome, askofu na ukuta mwembamba wa kumlinda mfalme. Gukesh alikuwa na kete hizohizo na askari mmoja zaidi, faida ambayo mabingwa wa kiwango kile huishi nayo hadi sare bila kutokwa jasho. Wachambuzi walishaanza kuzungumzia michezo ya kasi ya kuamua mshindi kesho yake. Ndipo kwenye hatua ya 55 Ding akaisogeza ngome yake hadi mraba wa f2, akiomba ngome zibadilishwe.

Mtazame askofu wake mweupe wakati huo. Alikuwa amejibanza kwenye kona, a8. Kutoka kona hiyo askofu ana njia moja tu ya kutokea, ule mshazari mrefu unaokata ubao mzima hadi kona ya pili. Gukesh akaila ngome, mfalme mweupe akairudishia, kisha askofu mweusi akatua d5 na kuziba njia. Maaskofu lazima wabadilishwe, hakuna pa kukimbilia, na wakiondoka wanabaki wafalme na askari, ambapo yule askari mmoja wa ziada anageuka kuwa kila kitu. Ding alisema baadaye kwamba aligundua kosa lake alipoiona furaha kwenye uso wa mpinzani. Hatua tatu zaidi, akakubali. Gukesh, mwenye miaka 18, bingwa asiyepingwa mwenye umri mdogo kuliko wote katika historia ya taji hilo, alianza kuzipanga kete upya kwenye ubao kama ilivyo desturi yake, huku machozi yanamtiririka.

Yote hayo yalionekana bure. Hakukuwa na kisimbuzi wala kifurushi cha mwezi, wala haja ya kwenda kibanda umiza kulipa kiingilio na kubanana kwenye benchi. Aliyekuwa na simu janja na bando la kawaida aliliona kosa la f2 sekunde chache baada ya Ding kulifanya, na kama alikuwa na subira aliweza kulitazama kwa mitazamo mitatu au minne tofauti, kwenye chaneli tofauti, bila kumlipa yeyote.

Mtu aliyezoea soka anaona hapa kuna kasoro fulani. Fainali ya dunia ya mchezo wowote mkubwa ina mwenye haki za matangazo, na mwenye haki hutaka chake. Kwa nini sataranji iachiwe?

Si kwamba hawakujaribu. Novemba 2016 Magnus Carlsen wa Norway alikuwa anatetea taji lake dhidi ya Mrusi Sergey Karjakin jijini New York, katika jengo la soko la Fulton, South Street Seaport. Kampuni ya Agon, iliyokuwa inajiita pia World Chess, ndiyo iliyopewa haki za kibiashara na Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE. Ilitaka hatua za wachezaji zionekane kwenye tovuti yake tu wakati mchezo unaendelea, na wengine wasubiri hadi mwisho. Tovuti kadhaa za sataranji zikakataa. Kampuni ikaenda mahakama ya shirikisho ya Manhattan kuomba amri ya kuzizuia, na jaji Victor Marrero akaikatalia.

Msingi wa uamuzi wake ni rahisi kuuelewa hata kwa asiyejua sheria. Video ni mali ya aliyeipiga. Maneno ya mtangazaji ni mali yake. Lakini kwamba Carlsen amemtoa farasi kutoka g1 kwenda f3 ni jambo lililotokea, na jambo lililotokea halina hatimiliki. Miaka karibu 20 kabla ya hapo, mwaka 1997, mahakama ya rufaa ya eneo hilohilo ilikuwa imewaambia wenye ligi ya kikapu ya NBA hivyohivyo, walipoishtaki Motorola kwa kuuza kifaa kidogo cha mfukoni kilichoonyesha matokeo ya mechi zikiwa zinaendelea. Pointi za mechi ni habari, na habari kila mtu anaruhusiwa kuitangaza.

Nadhani hapa ndipo sataranji inapoachana na michezo mingine yote. Ukiambiwa Simba imeshinda mabao mawili kwa moja, hujaiona mechi. Hujui bao lilifungwaje, nani alikosa penalti, kipa alilala upande gani. Lakini ukipewa orodha ya hatua za mchezo wa sataranji umepewa mchezo wote, haujapungua hata chembe. Anayezifuata hatua hizo Tabora anauona mchezo uleule anaouona aliyekaa mstari wa mbele ukumbini. Anachokikosa ni nyuso tu. Kwa hiyo mahakama iliposema hatua ni habari huru, iliuachia mchezo mzima, na tangu hapo aliyetaka kupata pesa kutokana na matangazo amelazimika kuuza kitu kingine: picha nzuri, wachambuzi wazuri, matangazo ya biashara.

(Pambano lenyewe la New York liliisha sita kwa sita baada ya michezo 12. Novemba 30, siku Carlsen alipotimiza miaka 26, walicheza michezo ya kasi, na hatua yake ya mwisho kabisa ilikuwa kumtoa malkia sadaka pale h6. Usipoiona hiyo umejinyima.)

Hatua inasafirije kutoka Sentosa hadi mfukoni mwako? Kwenye mashindano makubwa wachezaji hukaa mbele ya ubao unaofanana na mwingine wowote wa mbao, lakini chini yake kuna waya. Uliozoeleka zaidi unatengenezwa na kampuni ya Uholanzi, DGT. Ndani ya kila kete kuna kisilinda kidogo chenye koili, na kila aina ya kete ina masafa yake, hivyo ubao unajua kwamba kilichokanyaga e4 ni askari mweupe na si farasi mweusi. Saa ya wachezaji imeunganishwa humohumo. Kompyuta ya mwandalizi inaipokea hatua, inaiandika katika maandishi ya kawaida kabisa, na kuirusha mtandaoni.

Mfumo huo una vituko vyake. Mchezo ukiisha, desturi ni wafalme kuwekwa katikati ya ubao: wakiwekwa kwenye miraba miwili myeupe, mweupe ameshinda, kwenye miraba miwili myeusi, mweusi ameshinda, mmoja huku na mwingine kule, ni sare. Si kila mara mfumo huelewa kwamba hiyo ni ishara tu. Mara nyingine unaiandika kama hatua, na watazamaji ulimwenguni wanashangaa mfalme ameruka katikati ya vita bila sababu. Ukimwona mfalme wa bingwa ghafla amesimama e4, usimtukane. Mchezo umekwisha.

Ninachokipenda mimi kwenye mfumo huu ni wepesi wake. Hatua zote za mchezo wa saa tano zikiandikwa bila mapambo hazizidi kilobaiti moja au mbili, chini ya picha moja ndogo ya WhatsApp. Saa moja ya video, hata ya ubora wa kawaida, inakula mamia ya megabaiti. Kwa hiyo mtu ambaye bando lake limebaki la kusalimia tu bado anaweza kufuata pambano la ubingwa wa dunia, mradi afungue ubao na kuiacha video. Kasi ya intaneti nayo haina neno. Mtandao ukikwama dakika mbili, ukirudi hatua zote unazikuta zimepangwa zinakusubiri.

Mahali pa kuanzia, kwa maoni yangu, ni Lichess. Mfaransa Thibault Duplessis aliianzisha mwaka 2010, na leo inaendeshwa na asasi isiyo ya kibiashara iliyosajiliwa Ufaransa, kwa michango ya wanaoipenda. Haina matangazo ya biashara, haina sehemu ya kulipia, wala haikulazimishi kujisajili ili utazame. Kwenye menyu yake kuna sehemu ya matangazo ya mashindano. Ukiifungua unakuta yanayoendelea sasa hivi, yaliyopita na yajayo. Unagusa shindano, unaona mbao zote kwa pamoja kama madirisha ya ghorofa, unagusa mmoja unakuwa mkubwa, na pembeni saa za wachezaji zinapungua mbele ya macho yako. Shindano likiisha michezo yote inabaki pale, unaweza kuipitia wiki ijayo.

Chess.com ni kubwa zaidi na ni ya biashara, na ina mambo mengi ya kulipia, lakini ukurasa wake wa mashindano unafunguka bure na matangazo yake ya video hurushwa bure YouTube na Twitch. FIDE ina chaneli yake ya YouTube. Na kuna klabu ya St. Louis, jimboni Missouri, iliyofunguliwa mwaka 2008 kwa pesa za tajiri Rex Sinquefield, ambayo huenda ndiyo inayorusha matangazo yaliyotulia kuliko yote. Huko utamsikia Yasser Seirawan, gwiji wa siku nyingi aliyezaliwa Damascus, anayesimulia mchezo kama babu asiye na haraka. Utamsikia pia Maurice Ashley, mzaliwa wa Jamaika, mtu mweusi wa kwanza kupata cheo cha grandimasta, mwaka 1999.

Zamani kulikuwa na Chess24, iliyoanza 2014 na kupendwa kuliko zote kwa matangazo. Iliunganishwa na kampuni nyingine, kampuni hiyo nayo ikanunuliwa na Chess.com, na mwanzoni mwa 2024 ikafungwa. Usishangae ukikuta kiungo cha zamani hakifunguki.

Tahadhari moja. Siku za mapambano makubwa YouTube hujaa chaneli za ovyo zinazorudia michezo ya zamani na kuandika juu yake kwamba ni mubashara, na nyingine zinakupeleka kwenye ahadi za kuzidisha sarafu za mtandaoni. Ukurasa wowote unaokuomba namba ya kadi au namba ya siri ya simu ili ukuonyeshe hatua za mchezo ni wa kitapeli, kwa sababu hatua hizo, kama tulivyoona, hazina mwenyewe.

Baada ya kupata pa kutazamia, linakuja suala ambalo naona ni zito kuliko la gharama: utazame vipi.

Ukifungua ubao wowote mtandaoni, pembeni yake utaona mstari uliogawanywa mweupe na mweusi, unaopanda na kushuka. Hiyo ni kompyuta inakuambia nani anaongoza. Mara nyingi ni Stockfish, programu ya bure iliyoanza mwaka 2008, ambayo leo hakuna binadamu anayeweza kuichukulia hata mchezo mmoja. Mgeni anaupenda mstari huo kwa sababu unampa uhakika. Mimi nauona kama yule mtazamaji wa bao kijiweni anayeropoka kete ya kucheza kabla wachezaji hawajafikiri. Anasema kweli, lakini ameshaharibu.

Dubai, Desemba 3, 2021, ndiyo siku inayoonyesha jambo hili vizuri zaidi. Mchezo wa sita wa pambano la ubingwa kati ya Carlsen na mpinzani wake Ian Nepomniachtchi ulikwenda hatua 136, karibu saa nane, mrefu kuliko wowote katika historia ya mapambano ya ubingwa. Mwishoni Carlsen alikuwa na ngome, farasi na askari wawili dhidi ya malkia peke yake. Ukihesabu na wafalme, ni kete saba. Hesabu za michezo yote yenye kete saba au pungufu zimeshafanywa na kompyuta hadi mwisho na kuhifadhiwa, kwa hiyo jibu lake si kadirio, ni kweli tupu. Aliyekuwa na simu alijua kwamba ile ni sare. Akajua pia, sekunde ileile, kwamba malkia wa Nepomniachtchi alipokwenda e6 kwenye hatua ya 130 mchezo ulikuwa umekufa. Watu pekee ambao hawakujua ni wawili waliokuwa wamekaa ubaoni, wamechoka, usiku umeingia.

Una raha yake, ujuzi huo, siwezi kukataa. Lakini aliyeufuata mchezo ule kwa kuangalia mstari tu aliona saa nane za mstari tu. Aliyeuzima akajaribu kukisia mwenyewe farasi ataruka wapi aliona mtu anamkaba mwenzake pole pole hadi pumzi inakata. Kwenye Lichess unaweza kuuzima kwa kugusa mara moja. Anza hivyo, kisha uuwashe mchezo ukiisha ujue ulikosea wapi.

Kompyuta hizohizo ndizo zilizoleta jambo lingine linalowakera watazamaji: kucheleweshwa. Septemba 2022, kwenye Sinquefield Cup huko St. Louis, Carlsen alifungwa na kijana Hans Niemann, kesho yake akajitoa mashindanoni, na dunia nzima ikaanza kunong'ona kuhusu udanganyifu. Niemann alikana kudanganya katika mchezo ule. Waandalizi wakaongeza ukaguzi mlangoni na kuchelewesha matangazo kwa dakika 15, ili asiwepo mtu nje wa kuitazama kompyuta na kumpenyezea mchezaji jibu. Mashindano mengine nayo yalifuata njia hiyo. Kwa hiyo saa unayoiona kwenye simu yako huenda ni ya robo saa iliyopita. Ukiwa unatazama na wenzako, hakikisheni mko chanzo kimoja, la sivyo mmoja atapiga kelele wengine hawajaona kitu.

Norway nako wamebuni jambo la kuchekesha. Kwenye mashindano ya Norway Chess kuna kijichumba cha maungamo. Mchezaji anaruhusiwa kuinuka katikati ya mchezo, anaingia, anafunga mlango, anaiambia kamera anachokifikiria, kisha anarudi ubaoni. Mpinzani hasikii. Sisi tunasikia. Mwingine anaingia kujisifu, mwingine anakiri hajui hata amefikaje pale alipo, na dakika tano baadaye mpinzani wake anaingia na kusema kwamba yeye ndiye aliye taabani. Kama una rafiki anayedai sataranji haina msisimko, mwanzishie hapo. Huko ndiko Gukesh alikomfunga Carlsen kwa mara ya kwanza katika mchezo wa muda mrefu, Juni 1, 2025, na Carlsen akaitwanga meza kwa ngumi hadi kete zikaruka.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki mashindano hayo yana saa nzuri: huanza saa kumi na moja jioni ya kwao, ambayo ni saa kumi na mbili jioni kwetu, kazi imeisha na foleni imeanza. Ya St. Louis yanakuja usiku, saa mbili au saa tatu, na huweza kukupeleka hadi saa nane ya usiku wa manane. Ya Asia ni ya mchana. Ndiyo yanayowagombanisha watu na mabosi wao. Ukikosa kabisa, yupo Mkroatia Antonio Radić, anayejulikana YouTube kama agadmator, ambaye husimulia mchezo mmoja kwa dakika kumi hivi kwa sauti ya upole. Mwaka 2020 mtandao huo uliwahi kuifungia video yake kwa madai ya maudhui hatari, na wapo waliohisi kwamba mashine ilichanganywa na maneno kama "mweusi anamshambulia mweupe".

Ninachokikosa ni lugha yetu. Tuna watangazaji wa soka redioni wanaoweza kukufanya uuone mpira ambao hauonekani, wakausimulia mkwaju tangu unapoondoka mguuni hadi nyavu zinapotikisika. Hebu mmoja wao apewe hatua ya 55 ya Singapore. Hatua ni bure, mahakama imeshasema. Hahitaji kununua haki kwa mtu. Anahitaji ubao, maikrofoni, na mtu mmoja aliyekaa pembeni anayeijua sataranji vizuri.

Mwenye kutaka kujaribu asisubiri pambano la ubingwa. Olimpiadi ya 46 ya sataranji imepangwa Uzbekistan mwaka 2026, saa mbili mbele yetu, kwa hiyo raundi zitaangukia mchana. Olimpiadi ni mashindano ya mataifa, kila timu na mbao zake nne, na matangazo hayaishii kwenye meza za India na Marekani. Budapest mwaka 2024 India ilichukua dhahabu mbili, ya wazi na ya wanawake, na Kenya na Uganda nazo zilikuwa ukumbini. Hakuna grandimasta atakayekuchambulia meza hizo za nyuma. Andika jina la nchi kwenye kisanduku cha kutafutia, gusa ubao, zima mstari wa kompyuta, na uanze kukisia.